Kadi ya Shangazi Pelagie

Swali lililoninyima usingizi nilipokuwa na umri wenu lilikuwa hili: je, nilimhamishia Odette kwenye kadi ya shangazi yake kwa faida ya Odette, au kwa faida yangu? Nililigeuza nikiwa nimelala, nikaligeuza nikipiga mswaki, nikaligeuza nikiwa juu ya pikipiki ya ofisi nimemshikilia dereva kiunoni huku vumbi jekundu la Ngara likiniingia puani. Leo nimestaafu, niko hapa Nyamahanga na mihogo yangu, na bado nina majibu mawili. Siku nyingine matatu.

Nawaandikia kwa sababu mlikuja juzi, vijana watatu wa ofisi ya elimu, mkanikuta napalilia. Yule mwenye miwani aliniuliza: "Shikamoo bibi. Tumesikia zamani mlikuwa mnawashauri wakimbizi wapeleke watoto shule gani. Mlikuwa mnajuaje?" Nikaitikia marahaba, nikacheka, nikawapa maji ya kunywa. Sikujibu. Mlikuwa na haraka ya gari, na jibu lenyewe ni refu.

Kwa kifupi, hatukuwa tunajua.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya elimu, binti Msubi wa Nyarubungo, wa kwanza kwetu kuvaa joho. Mama aliitundika ile picha juu ya mlango ili kila anayeingia ainamishe kichwa. Shirika moja likaniajiri kuwa mshauri wa elimu katika kambi ya Warundi wilayani Ngara. Kazi yangu ilikuwa kukaa na familia na kuzisaidia kuamua mtoto aliyemaliza darasa la sita aende wapi. Njia zilikuwa mbili. Kulikuwa na sekondari ya kambini, chini ya maturubai, iliyofundisha kwa Kifaransa na kufuata masomo ya kwao Burundi. Haikuwa na ada, na cheti chake kingetambuliwa siku watakaporudi. Halafu kulikuwa na sekondari za bweni za huku kwetu, zilizofundisha kwa Kiingereza, ambako wafadhili walitoa nafasi chache na kulipia kila kitu mpaka godoro. Huko sharti lilikuwa moja: kadi moja ya mgawo, mtoto mmoja.

Kadi ya mgawo ninyi hamkuiona. Ilikuwa karatasi ngumu iliyopewa kila kaya, ikiwa na majina ya wote walio ndani. Kwa kadi hiyo walipata unga na maharage, kwa kadi hiyo walipata turubai, kwa kadi hiyo walihesabiwa. Mtu asiyekuwa kwenye kadi alikuwepo lakini hayupo.

Mimi nilikuwa mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nilikuwa na daftari lenye mistari, upande huu faida, upande ule hasara. Siku yangu ya kwanza nilimkalisha baba mmoja asubuhi nzima. Nikamweleza Kifaransa, nikamweleza Kiingereza, nikamweleza vita vikiisha itakuwaje na visipoisha itakuwaje. Mwisho akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, mwanangu aende wapi?"

"Inategemea," nikasema.

Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa na jina langu jipya. Nikipita bombani wanawake wanaitana: "Dada Inategemea huyo! Muulizeni kama mvua itanyesha!"

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Leonidas, Mrundi, mkuu wa shule ya msingi ya kambini, mzee mrefu mwenye koti lenye vifungo viwili visivyofanana. Alilitazama daftari langu kama mtu anayetazama kidonda. "Dada yangu, lifunge," akasema. "Usiwaite ofisini. Nenda kwao wakati wanachambua maharage. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hauogopi." Akanifundisha kuuliza kwanza nani anayesomewa barua na nani anayeisoma, maana asomaye ndiye anayeamua, hata kama baba ndiye anayekohoa. Akanifundisha kumuuliza mtoto mwenyewe, peke yake, na kumuuliza mwisho. "Ukimuuliza mwanzo, atakujibu anachotaka baba yake. Ukimuuliza mwisho, atakuwa amechoka kutudanganya."

Shule zenyewe nilijifunza kuzikagua kwa kukosea. Baba mmoja aliichagua shule fulani kwa sababu bati lake liling'aa kutoka barabarani. "Wenye bati namna hii," akaniambia, "hawawezi kukosa walimu." Walikuwa wamekosa mwalimu wa fizikia muda mrefu. Mimi nilikuwa nimefika pale, nimekaa kwa mkuu wa shule, nimekunywa soda, nimeondoka na ripoti safi. Tangu siku hiyo nikifika shuleni naanzia jikoni, natoka jikoni naenda vyooni, halafu namtafuta mwanafunzi wa kidato cha pili namuuliza kipindi gani huwa wanalala. Ninyi leo mnafungua simu, kila kitu kiko humo, matokeo, majina ya waliochaguliwa. Sawa. Lakini jiko haliko kwenye simu.

Mnaona ninavyozunguka. Bado sijafika kwa Mama Gloriose.

Alikuwa mjane. Mumewe alibaki njiani walipokimbia, na hakupenda kusema alibaki namna gani. Alikuwa na mabinti wawili, Gloriose wa miaka kumi na mitano na Odette wa kumi na mitatu. Walimaliza darasa la sita pamoja kwa sababu kukimbia kulimla Gloriose miaka yake ya shule. Wote wawili walifanya mtihani wa ufadhili, na wote wawili walifaulu vizuri.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikaketi, nikashika ungo upande mmoja.

"Leo usiniambie inategemea," akasema.

"Leo haitegemei, mama. Nafasi ni moja kwa kila kadi."

Akaendelea kutupa mawe madogo pembeni. "Basi rudisha zote."

"Mama Gloriose, mmoja akienda si afadhali? Mwingine atasoma hapa kambini, ishure ipo."

Ishure ndivyo wanavyoita shule kwao. Nilikuwa nimeanza kusema kama wao bila kujijua.

"Nikimtaja mmoja," akasema, "mwingine atajua kwamba nilimtaja mwenzake. Atafika umri wangu na bado atajua. Wewe una daftari. Mimi nina hawa tu."

Niliondoka na maneno hayo, nikafanya nilichozoea: nikayafikiria mpaka nikapata njia ya tatu. Marehemu baba yao alikuwa na dada, Shangazi Pelagie, mama mtu mzima asiye na mtoto, aliyeishi peke yake kwenye kadi yake, safu tatu za vibanda kutoka kwa wifi yake. Kwa Warundi, kama kwetu Wasubi, mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Si kwamba ni kama mtoto wako. Ni wako. Odette akihamishiwa kadi ya Pelagie, kutakuwa na kadi mbili na watoto wawili, na nafasi zote zitabaki. Usiku atalala kwa mama yake kama kawaida. Karatasi tu ndiyo itakayohama.

Nilikwenda kumwomba Pelagie, na akachukia.

"Unaniuliza kama nitakubali? Nikubali nini? Odette ni mwanangu tangu tumboni. Karatasi yenu ndiyo iliyokosea ikamwandika kule."

Mnaona? Hakuna aliyeona kwamba tunadanganya. Mama aliona ni kweli, shangazi aliona ni kweli, na mimi Msubi niliona ni kweli. Nikaandika barua kwa ofisi iliyotoa kadi: mtoto Odette amekuwa akilelewa na shangazi yake upande wa baba, naomba aandikwe kwake. Sikuandika kwamba mama yake yu hai. Hakuna aliyeniuliza.

Nilimwonyesha Mwalimu Leonidas, nikitegemea sifa. Aliisoma mara mbili huku akizungusha kifungo kimoja cha koti. "Barua nzuri," akasema. "Ina kila kitu isipokuwa mama."

"Ni karatasi tu, mwalimu."

"Dada yangu, sisi tumefika hapa kwa sababu ya karatasi. Karatasi haina utani."

Nilidhani ni uzee. Mwezi huo mkuu wetu wa ofisi, Mhaya mmoja mpole ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alisimama kikaoni akasema nimetuma wasichana wengi kuliko washauri wote waliokuwepo, na wenzangu wanione niwafundishe. Nilikaa pale nikijitazama vidole. Mbinu niliyoipata kwa Mama Gloriose sikuieleza. Hapo ndipo lile swali langu lilipozaliwa, ingawa wakati huo nililisikia kama furaha.

Wasichana wakaenda, shule moja, vitanda viwili vinavyogusana. Odette aliandika barua kwamba huko Jumapili chai ina maziwa, na kwamba Gloriose anaota kwa Kiingereza kibaya. Mama yake aliniomba nimsomee barua ile hata siku ambazo hakukuwa na kazi iliyonipeleka kwake.

Halafu likatoka tangazo kwamba wanaotaka kurudi kwao kwa hiari waandikishwe. Magari yatawachukua kambini, yatawavusha mpaka wa Kabanga. Uandikishaji ni kwa kadi. Pelagie alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Ilikuwa likizo, wasichana wote wawili walikuwa kambini, na mimi nilikuwa Ngara mjini kwenye semina ya siku tatu kuhusu haki ya mtoto kupata elimu. Nilikuwa nakaa mbele nikiandika kila neno.

Yaliyotokea nyuma yangu Mama Gloriose alinisimulia baadaye, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo. Pelagie alimfuata akamwambia anaondoka na Odette. "Siwezi kuingia uani kwa kaka yangu peke yangu kama mwizi," alimwambia. "Majirani watataka kuona damu yake. Twende sote." Lakini Mama Gloriose nchi ile alikuwa hajaisamehe. Akakataa kwenda, akakataa kumtoa mtoto. Wakaenda kwa mwenyekiti wa eneo, mwenyekiti akawapeleka kwa waandikishaji. Waandikishaji wakafungua kadi. Mtoto ni wa Pelagie. Kadi inasafiri nzima, haiwezi kugawanywa siku ya safari. Mama akasema yeye ndiye aliyemzaa, na mwandikishaji, kijana wa umri wangu tu, akamwonyesha barua iliyobanwa nyuma ya fomu. Mama Gloriose akaitambua sahihi yangu kwa sababu nilizoea kuipigia mstari chini.

Akaja ofisini kunitafuta. Akaambiwa nipo semina.

Siku niliyorudi, gari letu lilikaa pembeni ya barabara kupisha msafara wa malori unaoelekea Kabanga. Watu walikuwa wanaimba. Magodoro, masufuria, mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye kiti. Watoto walipunga mikono, nasi ndani ya gari tukapunga. Sijui Odette alikuwa lori lipi. Nilipunga mkono kwa wote.

Tangu kesho yake Mama Gloriose akawa anakuja ofisini kila asubuhi na kuketi kwenye benchi la nje. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu ningepata la kujibu. Aliuliza jambo moja tu, siku ya kwanza: "Kadi inaweza kurudi ilivyokuwa?"

Kulikuwa na dawati lililoshughulikia watoto waliotengana na wazazi wao. Liliweza kutuma watu mpaka upande wa pili, kutafuta, kuunganisha. Nikaenda. Yule mama wa dawati akafungua faili akaniambia, bila ubaya, kwamba hakuna mtoto aliyetengana na mtu hapa. Mtoto yuko na mlezi wake. Barua inasema hivyo. Barua ya nani? Akaigeuza. "Yako," akasema.

Kwa hiyo kitu kimoja tu kilikuwa kimesimama kati ya Odette na mama yake, nacho ni mimi kusema kwamba nilichoandika hakikuwa kweli. Lakini wafadhili nao walikuwa na sharti lao: familia iliyobadilisha kadi ili kupata nafasi hupoteza nafasi zote. Gloriose angetolewa shule. Nikamweleza Mama Gloriose pale kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza alinishika mkono.

"Usiseme," akaniambia. "Mmoja bado anasoma. Ukisema nitakuwa nimepoteza wawili."

Halafu baada ya muda: "Lakini usiponisemea, nani atamleta?"

Halafu tena: "Usiseme."

Niliondoka nikaenda nyuma ya stoo, nikalia. Mwanamke huyu alikuwa amekataa tangu mwanzo kuchagua kati ya watoto wake. Mimi na shahada yangu tulimzungusha njia ndefu, tukamrudisha palepale alipokataa kusimama.

Nikafungua daftari. Faida, hasara. Nilijaza kurasa. Nikisema, nitafukuzwa, nikifukuzwa nani atawasaidia wengine? Hoja nzuri hiyo, niliipigia mstari. Halafu nikajiuliza mbona hoja zote nzuri ni zile zinazoniacha na kazi yangu. Wiki mbili zilipita hivyo. Mwalimu Leonidas alinikuta nimeinamia kurasa hizo, akakaa, akatazama pembeni kwa heshima.

"Wewe huwa unamuuliza mtoto mwisho," akasema. "Mwisho haujafika?"

Nikapanda gari la mizigo nikaenda shuleni. Shule zilikuwa zimefunguliwa, Gloriose amerudi peke yake. Nilimkuta bwenini anafua. Kitanda cha pembeni kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa mpaka pembe.

"Matroni alitaka kumpa mtu," akasema. "Nikamwambia mwenyewe anaumwa."

Nikamweleza yote, barua, dawati, sharti. Sikuficha kwamba atatolewa. Nilianza kumweleza upande wa pili, faida zake, na yeye akanikatiza, mtoto ambaye hakuwahi kumkatiza mkubwa.

"Dada, unataka niseme nini? Kwamba nibaki? Nikae hapa ninywe chai ya maziwa?"

"Nataka useme unachotaka."

Alikamua soksi mpaka zikawa kamba. "Andika," akasema. "Mimi nitarudi ishure ya kambini. Kifaransa changu si kibaya. Na mama usimwulize tena. Nitamwambia mimi kwamba mimi ndiye niliyetaka. Yeye asichague."

Sitaki msome mkisubiri zawadi, kwa hiyo nawaambia sasa yaliyofuata baadaye. Gloriose alitolewa shule mwisho wa muhula. Alirudi chini ya turubai, akamaliza huko, na alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini yale aliyoyaanza kwa Kiingereza hakuyapata tena. Odette alitafutwa muda mrefu. Alipopatikana alikuwa haendi shule, analima shamba la baba yake pamoja na Pelagie, amerefuka. Mama yake ndiye aliyevuka kumfuata, ile nchi ambayo hakuisamehe. Nilisikia kwamba walipokutana, Odette alimwamkia mama yake kwa heshima, kama unavyomwamkia mgeni, halafu akamgeukia Pelagie kumuuliza kama apike. Pelagie naye alilia. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mbaya, na hilo halijanisaidia kitu.

Mimi sikufukuzwa. Nilisimamishwa, halafu nikahamishiwa huku Biharamulo, nikafanya kazi ya shule na familia za wakulima mpaka nikastaafu. Katika miaka hiyo yote sikuandika barua ya mtoto yeyote bila mzazi wake kuketi mbele yangu na kusomewa neno kwa neno. Wenzangu walisema nachelewesha kazi. Ni kweli, nilichelewesha.

Lakini asubuhi ile, siku moja baada ya kurudi kambini na Gloriose niliyemwombea ruhusa ya kumwona mama yake, nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba Gloriose amekwisha kuzungumza na mama yake, kwa sababu Mama Gloriose alikuwa kwenye benchi mapema kuliko siku zote, na amevaa kitenge chake cha kanisani. Daftari nililiacha nyumbani. Nilikuwa na karatasi moja.

"Shikamoo, mama," nikasema. Hakuwa amenizidi umri sana, na sikuwa nimewahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba."

Nikaketi pembeni yake, nikamsomea. Ilisema kwamba barua ya awali niliiandika mimi kwa akili yangu, kwamba familia haikuniomba, kwamba Odette hakuwa akilelewa na shangazi. Ilisema kwamba mtoto huyo ana mama, yu hai, yupo kambini humu, na anaitwa Nahimana Beata.

"Umeandika jina langu?"

"Nimeliandika."

"Hapo soma tena."

Nikasoma tena. Kisha nikasimama, nikaingia kwa mkuu wetu bila kugonga, nikaiweka barua juu ya meza yake, juu ya karatasi nyingine zote.